Ndevu Nilizomfugia Baba

Kwetu Mbinga mwanaume haachi ndevu bure. Ukionekana na ndevu za wiki mbili ambazo hazijaguswa, watu hawakuulizi wembe umeuweka wapi. Wanakuuliza nani amefariki na mazishi ni lini. Hilo nalijua tangu utotoni, ndiyo maana sina pa kujitetea.

Wazo lilikuwa la mwalimu mwenzangu wa fizikia, mtu wa Lituhi. Alisema walimu wanaume wa shule yetu tufuge ndevu mwezi mzima, watu watucheke na kutuchangia, na mchango ulipie nauli na vipimo vya tezi dume kwa wanaume ambao hawaendi hospitali kwa hiari yao. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Mmoja wa wanaume hao alikuwa baba yangu mzazi, kule Namswea. Mwaka ule alikuwa hawezi kumaliza misa bila kutoka nje mara mbili, na ukimtajia hospitali anakwambia kahawa inaiva. Nilikuwa na hofu naye, hofu ya kweli.

Ndevu zenyewe zilikuja vibaya. Shavu la kulia liliota kama shamba lililopandwa na mlevi, la kushoto likagoma. Wiki ya pili jirani yangu, mama muuza samaki, alikuja na kisado cha unga na sura ya huzuni, akaniambia pole sana, kisha akaingia jikoni kunisongea ugali. Nilimweleza ukweli baada ya kula. Alinitukana kwa heshima, akachukua unga wake, akafika mlangoni, akaurudisha na kusema basi huo ndio mchango wake.

Hapo ndipo nilipopata akili mbaya. Jumamosi nikapanda Namswea, nikamkuta Baba shambani anapogoa mibuni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Macho yake yakatua kidevuni kwangu. "Tumempoteza nani?"

"Bado hatujampoteza," nikasema. "Ni wewe. Nimeanza mapema, maana ndevu zangu zinaota taratibu."

Nilitegemea atanifukuza na ule mkasi wake wa kupogolea. Alinitazama, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema twende, Mama ameshaandaa chakula. Tulikula. Hakuligusia tena. Jumatatu niliwasimulia walimu wenzangu, na yule wa fizikia alicheka mpaka akatafuta kiti.

Jumanne Baba alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hafanyi, kwa kuwa anaamini simu inakula pesa hata mkinyamaza. "Kesho njoo unichukue," alisema. "Nitakwenda huko hospitali."

Nilijiona mjanja kuliko wote wilayani. Njia nzima kwenye pikipiki nilimchokoza, naye mgongoni kwangu akawa anatazama mashamba tuliyoyapita. Kwenye foleni kila mzee alidai amekuja kumsindikiza mwenzake, na walikuwa wakitishana kwa hadithi za kidole cha daktari. Muuguzi alipotangaza kwamba wanaanza na damu, benchi zima lilishusha mabega kwa pamoja.

Majibu tulirudia Jumatatu iliyofuata. Daktari alisema tezi imekua, lakini kwa vipimo vyote alivyofanya haoni dalili ya saratani. Akaandika vidonge.

"Kwa hiyo nimebakiza muda gani?" Baba akauliza.

"Wa kumeza dawa?"

"Wa kuishi."

Daktari akanitazama mimi. Nami nilikuwa natazama sakafu.

Tulipotoka, Baba alikaa kwenye benchi la nje akiwa ameshika dawa zake. Akaniambia kwamba ile Jumamosi, nilipoondoka tu, alimwita baba yangu mdogo akamwonyesha mipaka ya mashamba, nani achukue wapi. "Nilijua umewaeleza madaktari hali yangu, nao wamekwambia," alisema. "Wewe tangu mdogo neno zito huwezi kulisema ila kwa utani. Nikaona, mtoto anateseka, ngoja nimrahisishie."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Baba yangu alikuwa amejiaga peke yake, siku baada ya siku, huku akipogoa mibuni ambayo hakutegemea kuivuna, na siku hizohizo mimi nilikuwa nachekesha watu kwa kifo chake. Nikamwomba msamaha palepale.

Akaniacha niombe mpaka nikamaliza. Kisha akaweka vidonge mfukoni.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Kazi unayo kwa mama yako. Nilimwambia mgonjwa ni wewe, mimi nakusindikiza tu. Leo yuko siku ya sita kati ya tisa za novena ya kukuombea."

"Na aliamini?"

"Kwa ndevu hizo? Hakuniuliza hata swali moja."