Udongo wa Kwanza wa Cucu

Mama Mkuu wa masista huomba ruhusa kwa nani? Swali hilo lilinishinda nikiwa na miaka minane, na hadi leo nikinusa nta nyekundu ya sakafu, linanirudia. Sebule ya masista kule Meru ilinuka nta hiyo. Mama alinipeleka huko kumpongeza Tata, dada yake mkubwa, aliyekuwa ametoka kuchaguliwa kuongoza shirika lake lote. Tulipewa chai na medali. Tata aliuliza hali ya Cucu, mama yao, ambaye alikuwa mgonjwa, kisha kengele ikalia, akaondoka kabla chai haijapoa.

Cucu alifariki msimu wa kuvuna ndengu. Kwetu Gachoka, kifungua mimba ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini. Kabla yake hakuna anayegusa sepetu. Basi tulimsubiri Tata. Jua la Mbeere halina huruma. Jeneza lilikuwa limeshashushwa, na katekista alimaliza nyimbo alizozijua akaanza kuzirudia. Kila gari likitimua vumbi, shingo zote ziligeuka.

“Anaongoza mabinti wa watu, kumzika mama yake kumemshinda,” mjomba Njeru akasema.

“Wacha, Njeru. Hajapewa ruhusa,” mwanamke mmoja akamtuliza.

Ndipo nikauliza swali langu, kwa sauti. Wanawake wakacheka, kisha wakaziba midomo kwa leso.

“Muulize Papa,” mjomba akanijibu. Akainama, akautupa udongo yeye.

Mama hakukanyaga tena kule Meru, hata Tata alipozikwa. Nami nilipofika chuo kikuu, kila nilipobishana kuhusu kanisa, Tata ndiye aliyekuwa mfano wangu: tazameni linavyowanyima watu mama zao.

Juzi nilikutana na mwanamke aliyeacha usista katika shirika la Tata, sasa anauza mapazia mjini Embu. Nikamuuliza swali lilelile.

“Kwa nani tena? Ruhusa alitoa yeye,” akasema. “Sheria ya kutukataza mazishi ya wazazi, Tata yako ndiye aliyeifuta, alipochaguliwa tu. Masista wazee wakanong'ona kwamba ameifuta kwa ajili ya mama yake. Mimi nilipofiwa na baba kule Maua, alinipa gari na dereva.”

Ni utakatifu huo, au ni kiburi? Aliyepaswa kujibu hayupo. Ninachojua ni alichonieleza yule muuza mapazia: siku ya kumzika Cucu, gari la shirika lilishinda limeegeshwa mlangoni, na Tata alishinda sebuleni, amepiga magoti, akipaka sakafu nta.