Koleta na Maji ya Pangani

Koleta alikuwa bado binti mdogo pale mdogo wake, Irine, alipozama kwenye ndiva ya Myamba, lile bwawa la kijiji linalofunguliwa asubuhi kumwagilia mashamba. Tangu siku hiyo hakusogelea tena maji yaliyotuama. Aliolewa kijiji cha Mamba, akalima tangawizi na mumewe Anold, akalea watoto, akapata wajukuu, na miaka yote hiyo zamu ya kwenda kufungua maji ya shamba ilikuwa ya Anold.

Kisha binti yao Asteria, muuguzi, akahamishiwa Pangani. Koleta alikwenda kumtembelea mara mbili, na mara zote mbili alishinda uani, bahari kaipa mgongo.

Safari iliyofuata, basi halijaimaliza hata milima ya Same, alikwisha kuamua.

"Naenda kukaa kwenye ile bustani ya ufukweni," alimwambia Asteria wakinywa chai.

"Mama, si lazima."

"Najua si lazima."

"Basi subiri nitoke kazini, nikupeleke."

"Ukinishika mkono nitarudi nyuma. Nakwenda mwenyewe."

Siku hiyo alifika getini tu. Alisikia maji yakipiga ukuta wa kuzuia bahari, akashindwa kuendelea. Akarudi nyumbani, akabandika makande, hakumweleza mtu. Kesho yake akalivuka geti na kuketi kwenye benchi lililo mbali kabisa na ukuta, chini ya mti wa mkungu. Moyo ulimwenda mbio hata kitambaa cha kichwani akakiona kinambana. Hakuondoka. Alitazama wanafunzi wakila mihogo, akatazama mbuzi wa watu wakifukuzwa kwenye maua, akatazama kila kitu isipokuwa maji, mpaka alipoona anaweza kuyatazama na hayo. Alipokuja tena, alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la ukutani.

Hapo alimkuta Lukia, mkaanga samaki, akisubiri mashua zirudi.

"Shikamoo, mama. U mgeni?"

"Marahaba, mwanangu. Natoka Upareni, milimani."

"Mbona umelishikilia benchi kama litakukimbia?"

Koleta akacheka bila kutaka. Kisha akamsimulia habari za Irine, jambo ambalo hata wanawe walilisikia kwa baba yao tu. Lukia akamgeukia.

"Alikuwa anapenda nini, huyo mdogo wako?"

"Maji," alisema Koleta. "Nilimwambia anisubiri twende wote. Hakunisubiri."

Akavua viatu.

Ngazi za kushukia pwani zilikuwa na utelezi, naye akazishuka kwa makalio, kama mtoto anayejifunza kutembea, bila kuona haya. Lukia alinyanyuka kumfuata. Koleta akamwinulia kiganja.

"Kaa hapo hapo. Nikikuita, njoo."

Maji yalikuwa ya vuguvugu. Hilo hakulitegemea. Yalimfika vifundoni, halafu likaja wimbi likampanda hadi magotini, gauni likalowa chapachapa. Alipiga ukelele, lakini akabaki amesimama. Alilitaja jina la Irine kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita aje ale. Ndipo machozi yakamtoka, akalia mpaka akatosheka, akanawa uso kwa maji yale yale.

Jioni Asteria alikuta gauni la mama yake limeanikwa uani, na mwenyewe yuko kwenye simu na Anold.

"Umeingia mpaka wapi?" Anold aliuliza.

"Magotini."

"Na nani?"

"Peke yangu. Na kesho naenda tena. Lukia kaniambia maji yakipwa unatembea mbali sana mchangani, nami nataka kwenda huko."

"Na shamba je? Tangawizi imezidiwa na magugu."

"Palilia, baba Asteria," alisema Koleta. "Mimi bado nipo nipo huku."