Breki ya Kumshusha Baba

Kwetu Old Moshi, kihamba cha baba hubaki kwa kitindamimba. Wakubwa hutafutiwa mahali pengine. Wa mwisho hubaki na migomba, kahawa, ng'ombe na wazee wenyewe. Wa mwisho nilikuwa mimi. Mama alipofariki nilimpikia baba na kumfulia, huku nikishuka mjini kila siku ya kazi kwenye gereji ya Singasinga mmoja. Kwamba kihamba kile ni changu lilikuwa jambo lisilo na mjadala, au ndivyo nilivyodhani.

Kaka yangu, karani wa kahawa, alinunua skuta kuukuu kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Ilipendeza kwa macho, ila breki yake ya nyuma ilitosha kumsimamisha mtu mmoja mwembamba kwenye barabara tambarare. Akaniomba nimfungie iliyo bora. Alisema anataka kumshusha baba hospitali, maana jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu. Nilifurahi kama mjinga. Miaka yote hiyo hakuwahi kumletea mzee hata sukari.

Gereji nilipata ngoma ya breki kubwa zaidi, ya skuta mpya iliyovunjika kwenye ajali. Haikukubali kuingia. Jumapili mbili nilikaa uani nikiilainisha kwa tupa, nikabadilisha waya, nikarefusha mkono unaovutwa na waya huo ili kanyagio lisiwe gumu. Baba alikaa karibu nami kwenye kigoda, kibuyu cha pombe ya mbege pembeni, akinishikia nati kiganjani zisipotee majanini. Nilipomaliza nilifunga gunia la mahindi nyuma, nikaijaribu kwenye mteremko mkali kuliko yote. Ikashika papo hapo.

Siku ya safari niliomba ruhusa kazini, nikabaki nyumbani kuwapikia ndizi kwa nyama. Walirudi alasiri. Nilimwamkia baba, shikamoo, nikauliza daktari amesemaje. Kaka akaanza kunieleza habari za dawa ya matone. Baba akamkatiza, akasema hawakufika hospitali. Walikwenda barazani kwa mangi, chifu wetu, na mbele ya mashahidi amemkabidhi kaka kihamba.

Kaka alikuwa ameinama, anafuta taa ya skuta kwa leso. Kwake sikushangaa sana. Alikuwa akinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa tangu utotoni. Nilimgeukia mzee.

"Uliamua lini, baba?"

"Kabla hujaanza kuifunga hiyo breki. Kaka yako ana watoto wa kiume wanne. Wewe una spana."

"Na ukakaa pale ukinishikia nati?"

"Ningekuambia, ungeiacha," alisema, bila kupandisha sauti. "Na ule mteremko ungeniua."

Kisha akauliza kama ndizi zimeiva. Nikampakulia, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Nimesamehe mengi tangu siku ile, hata kihamba chenyewe. Lile jibu sijaweza. Miaka sita nilikuwa nimeishi na baba yangu chini ya paa moja, mimi na yeye tu, na bado aliamini kwamba ningemwacha ashuke na breki mbovu.