Vidogo Vilivyofuta Ukungu

Miaka tisa mama mmoja alitembea na kinyongo dhidi ya profesa mmoja moyoni, kama kokoto kwenye kiatu. Angeitoaje, na kila mwaka profesa mwenyewe anaisukuma ndani zaidi?

Kazi yake ilikuwa kudeki jengo la wataalamu wa nyota. Siku moja, miaka hiyo tisa nyuma, anafuta mlangoni mwa ukumbi, na profesa, tumbo mbele akili nyuma, anafundisha. Ati hapo kale, hata dunia haijawa dunia, gesi ya haidrojeni ilitanda kote kama ukungu, mwanga mkali haupenyi. Nyota za kwanza zilipowaka, mwanga wao ukaipiga ile gesi, ukang'oa elektroni kwenye chembe zake, pakawa peupe. Kila kundi la nyota likafungua duara lake, maduara yakapanuka mpaka yakakutana. Na waliofanya kazi hiyo, akasema huku anapandisha suruali, ni makundi makubwa, machache, yenye mng'ao wa kutisha.

Mama akaegemea dekio. "Na yale madogo je, profesa?"

"Yale hafifu, mama. Hayana lolote."

"Mbona sakafu hii inang'aa? Ile mashine kubwa mliyonunua inazunguka katikati tu kama bwana harusi. Kwingine kote ni sisi na matambara, wanawake kumi na wawili, kila mtu na duara lake, mpaka tunagongana viwiko."

Profesa alicheka mpaka akafuta machozi kwa tai. "Jamani, msalimieni Profesa Dekio!"

Tangu hapo, kila wanafunzi wapya wakija, anawapa kichekesho kile. Vitoto maziwa hayajakauka mdomoni vikawa vinamwita Profesa Dekio koridoni. Mama hakutaka pole wala zawadi. Alitaka mzaha ule urudishwe palepale ulipotolewa, watu wakiwepo.

Mwaka huu akaja daktari mpya wa nyota, binti mwembamba. Siku ya mhadhara wake ukumbini, mama anadeki mlangoni, profesa kaketi mstari wa mbele, miguu kainyoosha kama kwake. Binti akaonyesha picha za darubini mpya: makundi madogo, mengi kama sisimizi, yanamwaga mwanga kuliko watu walivyodhani.

"Ushahidi unaelekea huku. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na vidogo."

Profesa akakohoa. "Si bado kuna ubishi?"

"Upo, mzee. Ila si upande wako." Binti akatazama mlangoni. "Wazo hili nililisikia humuhumu nikiwa mwanafunzi, kwa yule mama. Nami nilicheka. Mama, nisamehe."

"Wewe nitakufikiria," mama akajibu, akaingia na ndoo yake mpaka mbele ya profesa.

Profesa akanung'unika kitu.

"Sikusikii. Leo sauti yako hafifu."

"Nasema ulisema kweli, mama. Mzaha wangu ulikuwa wa kijinga."

"Watu wa nyuma wamesikia?"

"Tumesikia!" wakaitika.

"Haya. Inua miguu, nideki."