Mashine ya Kazi Nyingi na Ngozi za Kiangazi

Kompyuta ile niliinunua Korogwe, katika ofisi ya shamba la mkonge lililokuwa likiuzwa kipande kipande baada ya serikali kujitoa. Viti vilikuwa vimekwisha, makabati yamekwisha, wamebaki panya na karani wa zamani aliyekuwa akiuza vilivyosalia. Nilihesabu nyaya. Nikahesabu tena, mara ya pili ukapungua mmoja. Karani akautoa mfukoni mwake bila aibu yoyote.

"Hii siyo ya kuandikia barua tu, mama," alisema. "Ina mfumo wa kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Unaandika hapa, inachapa kule, na huku nyuma inatuma faksi. Wewe unakunywa chai."

"Na chai inachemsha yenyewe?"

"Punguza dhihaka, na mimi nipunguze bei."

Tulipunguza wote wawili. Nikaipeleka Handeni, kwenye duka langu la kuchapa barua karibu na stendi, pamoja na kisanduku cheusi cha modemu, cha kuiunganisha na simu, na kitabu cha maelekezo kinene kuliko msahafu.

Wiki ileile akaja mzee mmoja mfugaji kutoka upande wa Kwaluguru. Kiangazi kilikuwa kimemmalizia ng'ombe. Aliowahi kuwachuna aliwachuna, akaziwamba ngozi, akazitia chumvi, na sasa ndizo zilikuwa zizi lake zima. Aliniomba chumba changu cha nyuma azihifadhi, nami nimtafutie mnunuzi, kwa kuwa mie nina simu na mdomo. Zamani shirika la umma lilinunua ngozi, kwa kuchelewa na kwa kununa, lakini lilinunua. Sasa soko lilikuwa huria, maana yake ujitafutie mwenyewe.

Nilipoanza kuzihesabu nilisita, maana najua wafugaji hawapendi mifugo yao ihesabiwe.

"Hesabu tu," alisema. "Hizi hazina tena cha kudhurika."

Nikahesabu mara mbili. Yeye alitazama ukutani.

Mnunuzi nilimpata Dar es Salaam. Masharti yake yalikuwa mafupi: malori yake yanapita Korogwe Jumatano na Jumamosi. Yatakata kona kuja Handeni endapo tu atapata faksi siku moja kabla, yenye idadi na kibali cha bwana mifugo kwamba wanyama hawakufa kwa kimeta. Bila karatasi, lori linanyoosha. Na mvua zilikuwa zimeanza. Ngozi ikishanyonya unyevu huota ukungu, nywele zikaanza kunyonyoka kwa mafungu, na harufu yake haisemeki mezani. Chumba cha nyuma na duka langu vilitenganishwa na pazia tu. Jumatatu hiyo nilikaa mbele ya kompyuta nikiwa nimejifunga khanga puani, nikiamini kwamba jioni tutakuwa tumemaliza.

Programu ya faksi iliniuliza kwanza niko nchi gani. Ikanipa orodha. Tanzania haimo. Nikachagua Uingereza, nikijiambia kwamba simu zetu wao ndio waliozifunga. Halafu ikauliza modemu iko tundu gani. Nikasema la kwanza, na papo hapo mausi, kile kipanya cha mkononi, ikafa. Kumbe mausi na modemu vilikuwa vinagombea tundu moja, na mashine ya kazi nyingi haikuweza kuwaamulia wawili. Nikahamisha waya, nikaizima, nikaiwasha, ikachukua muda wa kupika maharage kuamka. Mausi ikafufuka, modemu ikapotea. Nilizunguka hivyo mpaka jua likageuka, huku mzee akizipindua ngozi zake nyuma ya pazia na kukohoa kila niliposonya.

Mausi na modemu zilipopatana, modemu ikajaribu kupiga simu. Ikaandika kwa Kiingereza: hakuna mlio wa laini. Nikainua mkono wa simu kuhakikisha. Laini ilikuwepo, ila Handeni wakati ule hukuwa unapiga namba mwenyewe. Ulisubiri opereta aitike, ukamwambia unamtaka nani. Mashine ilikuwa inangojea mlio ambao mji wetu haukuwa nao.

Nilichimba kitabu kutwa nzima ya Jumanne, mpaka nikapata herufi ya kuongeza kwenye mstari wa amri ili isingojee mlio, ipige tu. Ikapiga. Na kwa kuwa kisanduku kilikuwa na kipaza sauti, tukamsikia opereta akitokea ndani yake.

"Haloo? Namba gani?"

Modemu ikamtwanga na milio ya namba sikioni.

"We! Nani anayenitoboa masikio? Haloo! Hata salamu?"

Akakata. Mzee alichungulia kutoka nyuma ya pazia. "Hilo sanduku limelelewa wapi?"

Lori la Jumatano likapita Korogwe, likanyoosha. Asubuhi ile mzee alinionyesha ngozi ya kwanza iliyokuwa imenyonyoka nywele, akaipitisha chini ya pua yangu kana kwamba nahitaji ushahidi.

Nikampigia opereta mwenyewe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ndiyo wewe wa makelele?"

"Siyo mimi, ni mashine."

"Basi mashine yako haina adabu. Namba?"

Nilimweleza kwamba naomba aniunganishe Dar, halafu asiingie katikati. Kawaida kila dakika tatu aliingia kuuliza kama bado tunaongea, na faksi ikiguswa na sauti ya mtu hufa.

"Nisiingie? Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Nitakuchapia kadi za harusi ya mdogo wako."

"Umejuaje kuna harusi?"

"Handeni hii?"

"Ziwe na maua pembeni."

"Pembe mbili."

"Nne. Na jina la bwana harusi liwe dogo kuliko la mdogo wangu."

Tukaelewana. Mimi nikasalimia, yeye akaunganisha, nikasikia faksi ya Dar ikipiga filimbi, nikabonyeza "tuma" na kuweka mkono wa simu chini polepole kama ninayemlaza mtoto. Ukurasa ukaenda. Nikakumbuka yule karani, nikasema wakati unaenda nianze zile kadi. Nilipofungua ukurasa wa pili, faksi ikakatika nusu. Tukarudia salamu upya. Safari hii nilikaa nimefumbata mikono, sikugusa kitu, hata chai.

Ikafika. Mnunuzi akapiga saa hiyohiyo.

"Barua nimeipata, mama. Safi kabisa. Mhuri uko wapi?"

"Mhuri gani?"

"Wa bwana mifugo. Umeandika hapa kwamba kibali kipo. Kuandika kila mtu anaweza."

Kibali kilikuwa mbele yangu mezani, kina mhuri wa zambarau na sahihi kama mnyoo. Nilikitazama, nikaitazama kompyuta, nikaizunguka mara mbili nikitafuta mahali pa kuingizia karatasi. Hapakuwepo. Mashine ile iliweza kutuma kile tu ilichoandika yenyewe. Na nani katika nchi hii amewahi kuamini karatasi isiyo na mhuri? Mimi mwenyewe nisingeiamini. Siku zile zote nilikuwa nimeng'ang'ania kutuma kitu ambacho kama ningeletewa dukani ningekirudisha.

Alhamisi alfajiri nilipanda basi la Korogwe na kibali kifuani. Kufika Misima tayari kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu na madirisha yote wazi, mvua ikiingia. Katika ofisi ya simu Korogwe walikuwa na mashine ya faksi ya kawaida, ile inayomeza karatasi. Dada wa dirishani aliipokea kwa ncha za vidole.

"Mama, hii barua imekufa lini?"

"Tuma tu, mazishi yapo kwetu."

Akaiingiza, ikamezwa, ikatoka. Yote hayo sikuwa hata nimewahi kukaa kwenye benchi.

Jumamosi lori lilikuja. Mtu wa mnunuzi alizipanga ngozi kwenye matope mbele ya duka, akazinusa, akazikunja, akatoa pembeni zile zilizonyonyoka. Nikazihesabu, nikarudia, hesabu haikutaka kubadilika: karibu robo ya zizi la mzee ilikuwa imekataliwa, na Jumatatu zote zilikuwa nzima. Nilisimama pale na daftari mikononi. Mzee alipokea chake, akakifunga kwenye pindo la shuka, akaziangalia zilizobaki.

"Hizi nikazichimbie wapi, mzee?" nikamuuliza.

"Usizichimbie," alisema, akichukua fimbo yake. "Iachie ile mashine yako. Si inafanya kazi nyingi? Itajua la kuzifanya."

Nilizichimbia mwenyewe. Lakini kompyuta ilikuwa na feni ndani, na kwa siku zile zote ilikuwa imevuta hewa ya chumba kile. Kila nilipoiwasha baada ya hapo, kabla hata maandishi hayajatokea, ilinipumulia usoni wale ng'ombe wa Kwaluguru, wote kwa wakati mmoja.