Sharubu za Fundo la Shangazi

Kila nikipita upande wa samaki sokoni Katesh, harufu ya tope la kambare hunikumbusha wembe. Sentensi hiyo nimeiandika mara tisa. Ndivyo nilivyo, siachi kitu mpaka kinyooke, na tabia hiyo ndiyo ninayotaka kuiungama kwenu.

Kwetu ni Gehandu. Tulilima na kufuga, lakini mioyo yetu ilikuwa Ziwa Basotu. Kwenye mwimo wa mlango wa babu kulikuwa na alama za kisu, kila moja urefu wa kambare mkubwa aliyevuliwa na mmoja wetu. Ya juu kabisa ilikuwa ya babu mwenyewe. Alikuwa mgonjwa, na baba na dada yake, shangazi Paskalina, walitaka kumwonyesha alama mpya angali hai. Shangazi ndiye aliyefunga ndoano za wote, kwa hiyo kichwa cha samaki, chenye mafuta, kilikuwa haki yake. Fundo lake aliliachia ncha mbili ndefu, kama sharubu za kambare.

Nilikuwa na miaka kumi, na sharubu zile zilinikera. Jumamosi moja asubuhi, wenzangu wakichimba minyoo, nilichukua wembe nikazikata pale pale kwenye fundo. Nilijikata kidogo kidole gumba. Fundo likapendeza kama ushanga.

Mchana kambare akanasa. Baba alivutana naye mpaka jasho likamwingia machoni. Kichwa kilipotokea kwenye matete, kipana kama jembe, shangazi alimpigia baba vigelegele.

"We Marko, huyo anampita wa mzee! Taratibu!"

Kisha mshipi ukalegea. Baba akavuta ncha tupu, imejikunja pale fundo lilipofyatuka, ndoano haipo.

"Dada, ulifunga nini hapa?" alifoka. "Mikono imekwisha hiyo. Baki nyumbani uchambue maharage."

Shangazi aliishika ile ncha, akaitazama ilivyokatwa. Halafu akatazama kidole changu.

"Kweli," alisema. "Nimezeeka."

Hakufunga ndoano tena, wala hakuja tena ziwani. Babu alikufa kabla ya mavuno. Baba akawa anafunga mwenyewe, na kichwa cha samaki tukala sisi.

Nilidhani shangazi amesahau. Kila nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, kisha akaendelea kunitazama, kama mtu anayejua salamu haijaisha. Nikadhani ni uzee. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba alikuwa ananipa nafasi, siku baada ya siku, miaka yote ile, na mimi nilikuwa natafuta maneno yasiyo na kasoro.

Mwaka huu tumemzika. Watu walipotawanyika nilimweleza baba yote, kwa mpangilio, kama nilivyofanya mazoezi. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa babu. Alipitisha kidole juu ya ile alama ya juu, akakirudisha chini, polepole.

"Sasa mbona," aliuliza, "unaniambia mimi?"