Mafuta Mara Mbili

Mwalimu wetu wa darasa la watu wazima anadhani kila mtu ana hamu ya kusimulia maisha yake. Mwenzangu mmoja kaandika juu ya kuku, mwingine juu ya meno yake, wakapigiwa makofi. Mimi nikasema nitaandika juu ya mvua. Akasema, "La, Bibi, wewe andika ile ya msumeno, nasi tutaibandika ubaoni pale nje watu wote waisome." Nani kamwambia ile ya msumeno? Watu wa hapa midomo haina kufuli. Haya, naandika. Ila mkono unauma, miwani ni ya kuazima, na asiniletee kalamu yake nyekundu.

Kwangu tunapikia kuni. Miaka arobaini mzee wangu amepasua magogo kwa shoka, mimi nikipanga ukutani. Mwaka huu bega lake la kulia likagoma. Akiinua shoka linaishia sikioni, anabaki amesimama hivyo kama mtu anayeapa mahakamani. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili sikucheka.

Mkwe wetu, mume wa binti yangu mkubwa, akapiga simu. "Mama, nunueni msumeno wa mashine, ule wa mnyororo. Gharama niachieni mimi. Ila mchague unaotegemeka."

Mzee akasema ataenda yeye. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyechagua baiskeli isiyo na breki. Naenda mimi."

Duka la vifaa lina kaunta ndefu ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya watu, na harufu ya rangi na kamba mpya. Nyuma yake nilimkuta binti wanayemwita Kipimo. Jina hilo kapewa kwa sababu ukimwomba msumari anakuuliza unene wa ubao.

"Karibu, Bibi," akasema. "Hii ni wiki yangu ya tatu hapa kaunta. Nimefagia duka hili miaka miwili, nikabeba saruji mwaka mzima. Nitakuhudumia mpaka ukanisemee kwa majirani."

Nilinyoosha kidole kwenye msumeno mkubwa mwekundu. Akatikisa kichwa. "Huo ni wa kuangusha msitu. Magogo yenu yana unene gani?" Nikamwonyesha kwa mikono. "Nani ataushika?"

"Mzee wangu."

"Bega au mgongo?"

"Nani kakwambia habari za bega?"

"Hakuna, Bibi. Kila anayeacha shoka kaachishwa na kimojawapo."

Akanipa ule mwekundu niushike huku anahesabu. Alipofika kumi na mbili nikautua. Wa pili ulikuwa mwepesi na unang'aa kama sahani ya wageni. Akaniuliza, "Mnyororo wake ukikatika utaupata wapi? Hapa mjini hakuna." Wa tatu ulikuwa wa kijivu, sura kama chura. Aliutoa nje, akauwasha, akasukuma kile kikingio kilicho mbele ya mkono, mnyororo ukasimama papo hapo. "Hiyo ndiyo breki. Msumeno ukiruka ghafla, unajifunga wenyewe kabla haujamfikia mzee." Kisha akavuta droo iliyojaa minyororo na plagi zake. "Usiangalie rangi, Bibi. Angalia droo."

Nikauchukua wa kijivu. Na niseme hapa, kwa mwandiko wangu: binti yule alinichagulia vizuri.

Akachukua karatasi. "Sasa nakuandikia habari za mafuta. Unasoma, Bibi?"

Hakuwa na ubaya. Lakini nyuma yangu walikuwa wamesimama watu watano.

"Nilisoma kabla mama yako hajaota meno," nikamjibu.

Uongo mtupu. Shule niliiacha hata daftari la kwanza halijaisha. Nilijua jina langu, namba, na maneno machache niliyoyazoea kwenye kuta na mifuko: CHUMVI, HATARI, MAFUTA. Alipoandika alikuwa pia anaeleza kwa mdomo, lakini mimi nilikuwa bado naendelea kukasirika, na mtu akikasirika masikio hufunga duka. Nikaitia karatasi kifuani, nikaondoka.

Nyumbani mzee akaugeuza msumeno huku na huku. "Mbona una matundu mawili? Kaandika nini?"

Nikafungua karatasi. Mstari wa kwanza nikaona MAFUTA, halafu utambi mrefu wa herufi. Mstari wa pili nikaona MAFUTA, halafu utambi mwingine. Nikasema moyoni, huyu mtoto kaniona mimi kiziwi, kaniandikia neno moja mara mbili.

"Kaandika mafuta," nikamwambia.

"Tundu lipi?"

"Yote. Mafuta huku, mafuta kule."

"Mafuta gani, mke wangu?"

"Mzee, gari likiishiwa mafuta huwa unatia ya kukaangia? Petroli!"

Akatia petroli tupu matundu yote mawili, bila kuichanganya na chochote. Msumeno ukakata magogo sita kama unakata ndizi. Mzee anacheka, bega limetulia, na mimi nimeshika kiuno kama mwenye kiwanda. Gogo la saba ukalia kwa sauti nyembamba, mnyororo ukafuka moshi, mashine ikanyamaza. Kamba ya kuwashia haikuvutika tena.

Mzee akaketi juu ya gogo. "Ni mimi," akasema. "Hata mashine imeshaona nimekwisha."

Ningeyavumilia matusi, si maneno yale. Nilitaka mkosaji haraka, na mkosaji asiwe mzee, asiwe mimi.

Jumamosi asubuhi, duka limejaa, nikautupa msumeno juu ya kaunta. "Njooni mwone! Huyu binti kaniuzia takataka! Kamwona mwanamke mzee, akanibambikia uchafu!" Sauti yangu mnaijua wenyewe, haihitaji kipaza.

Kipimo hakubishana. Akauliza polepole, "Bibi, mafuta mlitia?"

"Tulitia! Kote kuwili!"

"Ya aina moja?"

"Mafuta ni mafuta! Si uliandika mwenyewe?" Nikampungia ile karatasi mbele ya uso.

Akaitazama karatasi. Akanitazama mimi. Nikaona wazi kwamba ameshaelewa. Nikamwona anafungua mdomo, anatazama watu waliojaa nyuma yangu, kisha anaufunga. Angesema neno moja tu, "Bibi, isome kwa sauti," ningeumbuka mimi na yeye akasalimika. Hakulisema. Tajiri wa duka akatoka ndani, akaniomba radhi mimi, mimi! Akamwambia binti, "Rudi stoo." Kipimo akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kaunta.

Nilipeleka msumeno kwa fundi wa pikipiki. Akaufungua, akanionyesha pistoni iliyochunwa kama paja lililoanguka kwenye kokoto. "Hii imekunywa petroli kavu. Injini hii hutaka petroli iliyochanganywa na oili. Na huku mbele panataka mafuta mazito ya mnyororo. Nani kawaambia mtie petroli huku? Mngeungua nyote wawili." Akaichukua karatasi akaisoma. "Mbona mmeandikiwa vizuri tu? Tundu la nyuma, mafuta ya kuchanganya, petroli na oili. Tundu la mbele, mafuta ya mnyororo. Mtoto mdogo angeelewa."

Mtoto mdogo, sawa.

Nilikaa siku tisa na jambo hilo. Mzee nilimwambia siku ya pili. Alicheka mpaka bega likamuuma, akasema, "Kumbe sijaisha!" Lakini dukani miguu haikutaka kwenda. Siku ya kumi nikaenda, nikaichagua saa ya mchana duka likiwa tupu. Nikamnong'oneza tajiri: binti hakukosea, nilikosea mimi, sikujua kusoma. Nilitoka jasho kuliko siku ya kujifungua.

Kutoka stoo nikasikia, "Bibi, mbona leo sauti imekwenda likizo? Jumamosi ile ilifika mpaka kituo cha polisi."

Alitokea na vumbi la saruji kwenye nyusi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Ulijua," nikamwambia. "Mbona hukusema?"

"Ningekuaibisha mbele za watu, Bibi."

Mimi nilimfanyia nini, kama si hicho hicho?

Nikamgeukia tajiri. "Basi mrudishe kaunta."

Akakuna shingo. "Mimi sina neno naye. Nilimjaribu juzi. Wateja ndio wanaomkataa. Wakimwona wanasema, huyu ndiye wa msumeno mbovu, niletee mwingine. Bibi, wewe ulisema mbele ya watu, sasa umenong'ona kwangu peke yangu. Mimi nitawafuata majumbani?"

Wiki ile nikajiandikisha darasani. Fundi alibadilisha pistoni, na msumeno unakata mpaka leo. Kila ninapochochea moto namwona binti yule anakunja aproni.

Kwa hiyo wewe uliyesimama hapo mbele ya ubao, usijifanye unasubiri mtu. Nimekupa aibu yangu bure, nawe una kazi. Nenda duka la vifaa, hata kama huna shida ila ya msumari mmoja. Akija mwingine kukuhudumia, mwambie hapana, nataka Kipimo. Sema kwa sauti, wa nyuma wasikie. Akikuuliza unene wa ubao, mjibu vizuri. Akikuandikia karatasi, nawe hata hii umesomewa na mwenzio, mwambie hujui kusoma. Mimi nitapita Jumamosi, nisimame mlangoni, nione nani kaenda na nani kaisoma hii akaenda zake kulala.